Neti ya ndani ofisini inajivuta: pima kwanza, namba ndo itakuonyesha kosa liko wapi

Kuna ofisi moja ya uchapaji Kariakoo, Dar es Salaam, niliitwa, wana kompyuta sita na mashine ya mabango, dizaina akimaliza kazi kwenye kompyuta yake faili linatakiwa liende kwenye kompyuta inayoendesha mashine, na hizo kompyuta mbili zinaangaliana kabisa, katikati kuna meza tu. Faili la giga 3 lilikuwa linachukua karibu dakika tano kufika upande wa pili. Mteja kasimama kaunta, dizaina kashika kiuno anaangalia ule mstari wa kijani unavyotambaa. Mwenye ofisi alikuwa ameshapandisha kifurushi cha intaneti kutoka mega 20 hadi mega 50, analipia mwezi wa pili huo, akitegemea faili litakimbia, na halikukimbia hata kidogo kwa sababu lile faili halipiti kwenye intaneti kabisa. Linatoka kompyuta hii, linaingia kwenye swichi (kile kiboksi cha matundu kinachokutanisha waya za kompyuta zote), linatoka kwenda kompyuta ile. Ukichomoa waya ya mtoa huduma hapohapo faili litaendelea kwenda vilevile.

Roho inaniuma nikiona mtu anatoa hela kila mwezi kwa kitu ambacho kosa lake liko ukutani kwake mwenyewe. Ndo maana nayaandika haya yote, ili ukianza utafute kosa kwanza, duka baadaye.

Kabla ya yote tenganisha. Kama tovuti zinafunguka vizuri ila folda ya kushea, printa au programu ya uhasibu ndo inajivuta, shida iko ndani, usimpigie mtoa huduma. Kama folda inakimbia ila tovuti hazifunguki, hiyo ni kesi nyingine na simo huko leo. Vikilala vyote viwili kwa pamoja, na kwa watu wote, ruka moja kwa moja hadi kwenye waya iliyojizunguka huko chini.

Kupima

Chukua kompyuta mbili zenye waya, zima wayafai kwenye zote mbili, maana watu wengi wanasahau hili, laptopu inakuwa na waya na wayafai kwa pamoja afu hujui data imepita wapi. Weka programu ya bure inaitwa iperf3. Kwenye kompyuta moja fungua dirisha la amri (Command Prompt) andika iperf3 -s, kwenye nyingine andika iperf3 -c ikifuatiwa na IP (anwani ya namba kwenye neti) ya ile ya kwanza, mfano iperf3 -c 192.168.1.20. Windows ikiomba ruhusa ya kuipitisha, ipe. Ndani ya sekunde kumi unapata jibu. Afu rudia ukiongeza -R mwishoni ili ipime upande wa kurudi, na tafadhali hii usiiruke, kuna makosa ambayo upande mmoja uko safi na upande wa pili umekufa kabisa. Uzuri wa iperf3 haigusi diski, inapima njia tu. Ukimaliza hapo kopi faili moja kubwa, giga 2 au zaidi, na uangalie namba ambayo Windows inaandika.

Sasa hizo namba. Swichi na vifurushi vinaandikwa kwa megabiti, Windows ikikopi inaandika megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo njia ya giga, yaani megabiti 1000, ikiwa nzima iperf3 itakuonyesha kama 940 hivi na kukopi kutakuwa kama megabaiti 110 kwa sekunde kama diski zinaweza. Njia ya megabiti 100 inakupa 94 hivi, na kukopi ni 11. Njia iliyoshuka hadi megabiti 10 inakopi kwa 1 na ushee. Shika hizo tatu kichwani: 110, 11, 1. Ofisi nyingi nilizoingia hapa mjini jibu lilikuwa 11, na limesimama palepale kama limepigwa msumari.

Inakopi kwa 11 na haizidi

Ukiona 11 iliyotulia, haipandi haishuki, usihangaike na virusi wala na Windows. Kuna mahali njiani pamekubaliana kwenda kwa megabiti 100 na kazi yako ni kupatafuta tu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya mara mbili picha ya Ethernet, utaona mstari wa Speed. Ikiandikwa 1.0 Gbps kompyuta hiyo na swichi yake wameelewana kwa giga, ikiandikwa 100.0 Mbps hapo hapajakaa sawa. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta na uandike kwenye karatasi, ofisi ya watu kumi haichukui hata nusu saa.

Zikiwa zote 100, angalia swichi yenyewe. Geuza usome nyuma. Imeandikwa 10/100 tu? Basi umepata jibu, haiwezi zaidi ya hapo hata uifanyeje, na ndo zinauzwa sana kwa sababu ni bei rahisi na kwa macho zinafanana na za giga. Ya giga imeandikwa 10/100/1000 au Gigabit. Na ofisi ambazo hazina swichi, zimechomeka kompyuta moja kwa moja nyuma ya ruta waliyopewa na mtoa huduma, hakikisha matundu ya ile ruta, maana ruta nyingi ndogo matundu yake ni ya 100. Ruta iache ifanye kazi ya intaneti, kompyuta zikutanie kwenye swichi ya giga. Simu za mezani za IP nazo zipo hivyohivyo, zile ambazo waya inaingia kwenye simu afu inatoka kwenda kompyuta, simu nyingi za zamani zinapitisha 100 tu, kwa hiyo mtu ana kompyuta ya giga, swichi ya giga, na simu katikati imekaa kama kizuizi barabarani.

Zikiwa nyingi ziko giga afu moja au mbili tu ziko 100, hapo ni waya. Na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Waya ya neti ina nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbilimbili. Spidi ya 100 inatumia nyuzi nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Giga inataka zote nane. Kwa hiyo uzi mmoja wa bluu au kahawia ukikatika, au haukukaa vizuri kwenye kichwa (kile cha plastiki mwisho wa waya), neti haifi, inashuka kimyakimya hadi 100 na kila mtu anaendelea na kazi bila kujua, miaka inapita hivyo. Pale Kariakoo ndo ilikuwa hivi. Kichwa cha waya ya dizaina kilikuwa kimebanwa vibaya, ukikiweka kwenye mwanga unaona kabisa uzi wa bluu haujafika mwisho, umeishia nusu, ile meno ya dhahabu imeshuka imebana plastiki tupu. Nilikata sentimita tatu hivi, nikapanga upya nikabana, nikachomeka, taa ya swichi ikabadilika rangi, na lile faili la giga 3 likapita kwa nusu dakika. Kichwa chenyewe bei yake haifiki ya soda.

Mpangilio wa rangi ambao mafundi wengi tunatumia, ukishika kichwa meno ya dhahabu yakikuangalia na ulimi uko nyuma, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani, imeachana, mmoja uko namba 3 mwingine namba 6, na katikati yao kuna bluu. Hiyo siyo urembo. Kuna mafundi wanaamini kwamba rangi zikifanana pande zote mbili inatosha, wanapanga chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili kwa mfuatano, na testa ya bei poa inawaka 1 mpaka 8 safi kabisa, mteja anaonyeshwa taa anaridhika analipa. Ila namba 3 na 6 zinatakiwa ziwe nyuzi zilizosokotana pamoja, zikiwa za misokoto miwili tofauti zinaanza kuingiliana, kwenye waya ya mita mbili hutaona kitu, kwenye waya ya mita thelathini spidi inayumba, pakiti (vipande vya data) zinapotea, na mtu anabadilisha swichi, anabadilisha kompyuta, anabadilisha kila kitu isipokuwa kile kichwa. Testa ile inajua uzi umefika, haijui umesokotana na nani. Kwa hiyo usiiamini peke yake, angalia rangi kwa macho yako.

Kingine ni waya yenyewe. Ukinunua boksi angalia kama ni shaba tupu au ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Chukua uzi mmoja, ukwaruze na wembe, ukiona ndani kuna weupe kama wa sufuria hiyo ni aluminiamu. Ukiukunja mara chache unakatika. Kwa kipande kifupi cha mezani unaweza ukafanya kazi, ila kuipitisha ukutani na juu ya dari usithubutu, ikikatikia ndani ya ukuta utabomoa. Na urefu, kutoka kifaa hadi kifaa isizidi mita 100, hiyo ni pamoja na mizunguko yote ya darini, siyo ule umbali unaouona kwa macho.

Waya kupita kwenye mfereji mmoja na nyaya za umeme, nayo tenganisha.

Inakopi kwa 1, au inapanda na kushuka hovyo

Kama ncpa.cpl inaonyesha 10.0 Mbps, badilisha waya kwanza, afu jaribu tundu lingine la swichi. Kama inaonyesha 100 au 1.0 Gbps na bado unapata 1 au 2, rudi kwenye iperf3 na ule upande wa -R. Upande mmoja safi na mwingine mbovu mara nyingi maana yake ni mambo mawili, uzi mbovu, au kuna mtu aliwahi kuweka spidi kwa mkono kwenye kadi ya mtandao, kaandika 100 Full Duplex, wakati swichi iko kwenye kujichagulia yenyewe. Swichi ikikosa wa kuongea naye inajiweka Half, yaani huyu anaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja na yule anajua ni zamu kwa zamu, wanagongana mchana kutwa. Ingia kwenye kadi, kipengele cha Speed & Duplex, rudisha Auto Negotiation. Basi.

Kila mtu ameganda ghafla, taa za swichi zinawaka zote kwa pamoja

Hii ukishaiona mara moja huisahau. Asubuhi saa mbili watu wanaingia kazini, hakuna kinachofunguka, printa haionekani, intaneti hakuna, na swichi taa zote zinapepesa kwa kasi na kwa mpigo mmoja kama taa za harusi. Hiyo ni waya iliyojizunguka, yaani waya moja imechomekwa pande zote mbili kwenye swichi ileile, au swichi mbili zimeunganishwa kwa waya mbili. Swichi za kawaida zisizo na akili ya kuzuia hili zinarushiana ujumbe uleule bila kuisha mpaka hakuna nafasi ya kingine.

Inatokeaje? Mtu anasafisha chini ya meza jioni, anakuta waya inaning'inia, kwa nia njema kabisa anaitafutia tundu lililo wazi na kuichomeka. Hana kosa, ofisi ndo haikuweka alama. Chomoa waya moja moja kwenye swichi huku ukiangalia taa, ile ambayo ukiitoa taa zinatulia ndo yenyewe, ifuate mpaka mwisho wake. Afu nunua zile karatasi za kubandika uandike kila waya inaenda wapi, pande zote mbili.

Inakuwa mbaya kwa chumba kimoja au ghorofa moja

Watu wa chini wako poa, wa juu wanalia. Tafuta waya inayounganisha swichi ya chini na ya juu, maana watu wote wa juu wanapita humo. Waya hiyo ikishuka hadi 100, watu watano wakikopi kwa pamoja kila mmoja anabaki na megabaiti 2 hivi. Na kama kamera za ulinzi ziko juu na rekoda iko chini, nazo zinapita humohumo usiku na mchana. Kamera moja ikiwekwa kwa megabiti 4, kumi na sita zinakula 64. Lakini nisieleweke vibaya, kamera hazili spidi ya ofisi nzima, swichi inapeleka picha kwa rekoda tu, zinakula ile njia zinayopita. Kama kamera na rekoda ziko kwenye swichi yao wenyewe, waachie. Zikiwa zinachangia njia na wahasibu, zihamishe, au hiyo njia moja uifanye giga nzima.

iperf3 iko safi, ila kukopi ndo kunajivuta

Ukipata 940 pande zote mbili acha kugusa waya, njia ni nzima. Fungua Task Manager kwenye ile kompyuta yenye mafaili, sehemu ya Performance, angalia diski wakati wa kukopi. Diski ikiwa 100% na spidi ni ndogo, diski ndo imechoka. Ofisi nyingi ndogo seva yao ni kompyuta ya kawaida yenye diski ya kuzunguka ya miaka mingi, ipime na programu ya CrystalDiskInfo, ikiandika Caution au Bad hamisha data leo, leo hiihii, spidi tutaiongelea kesho. Kama mnahifadhi kwenye diski ya nje iliyochomekwa USB 2.0, hiyo inaishia kwenye megabaiti 30 na kitu, hamishia kwenye tundu la USB 3.

Mafaili madogomadogo ni hadithi nyingine. Picha elfu ishirini za skana zenye ukubwa wa kilobaiti mia mbili hazitaenda kwa 110 hata ufanyeje, kila faili lina kufungua, kukagua na kufunga kwake, na antivirasi ya pande zote mbili inataka kulinusa. Zifunge kwenye zip moja afu tuma. Na kama mmepata kompyuta mpya za Windows 11 Pro toleo la 24H2 au la baadaye, jueni linadai mawasiliano ya kushea faili yawe na saini ya kidijitali, kifaa cha kuhifadhia chenye prosesa dhaifu kinaweza kupungua spidi, na kile kilichokuwa kinaingiwa bila nywila kinaweza kugoma kabisa. Weka akaunti na nywila, ni salama zaidi pia.

Folda inachelewa kufunguka, ikifunguka inakimbia

Hii siyo spidi, ni kutafutana. Jaribu kufungua kwa IP, \\192.168.1.20, badala ya jina. Kwa IP ikifunguka papo hapo shida ni jina. Angalia pia kama kuna diski za mtandao za zamani bado zimeunganishwa, Z: ya seva iliyokufa siku nyingi, Windows inaisubiri kila mara. Ziondoe.

Ukiwa hapo andika ipconfig kwenye dirisha la amri la kompyuta mbili tatu, uone IP zao. Moja ikiwa 192.168.1 na nyingine 192.168.0, kuna mtu kaleta ruta yake ndogo aongeze wayafai na sasa kuna ruta mbili zinagawa IP. Izime kugawa IP ile ya pili, ipe IP isiyotumika na mtu, na uichomeke kwenye tundu la LAN (la kompyuta, siyo la intaneti).

Ni wanaotumia wayafai tu

Pale Posta au Kariakoo, ghorofa moja ina ofisi arobaini na kila ofisi ina wayafai yake, 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizogusana, 1, 6 na 11, kwa hiyo mnagombania hewa. Hamia 5 GHz kama uko chumba kimoja na ruta. Vile vifaa vya kurudufu mawimbi vingi vinapokea na kutuma kwa redio moja, spidi inakatika nusu. Na programu ya uhasibu inayofungua faili lililo kwenye seva usiiendeshe kwa wayafai, mpe mhasibu waya, siyo kwa spidi tu, wayafai ikikatika katikati ya kuandika faili linaweza kuharibika.

Asubuhi sawa, mchana inaanza

Hili ni la kwetu hasa, kuanzia Desemba mpaka Machi. Swichi imewekwa juu ya kabati karibu na dari, feni haifiki, vumbi limeziba matundu, saa nane mchana ukiigusa unatoa mkono. Ishushe, ifute, ipe hewa. Angalia na adapta yake, baada ya umeme kukatika na kurudi mara nyingi adapta zinachoka, swichi inawaka taa lakini inajizima na kujiwasha sekunde chache. Jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile, ampia zilezile au zaidi, na mkao uleule wa chanya na hasi. Na walio karibu na bahari wachungulie matundu ya swichi kwa tochi ya simu, ukiona ukijani kwenye yale meno, hilo tundu usilitumie tena.

Umepitia yote na bado? Subiri watu watoke saa kumi na moja. Chomoa kila kitu kwenye swichi. Chukua laptopu mbili na waya mbili mpya fupi, pima na iperf3. Ikitoa 940, swichi ni nzima. Rudisha waya za ofisi moja moja, kila ukirudisha moja pima tena uandike, na ile ambayo ikiingia namba inaanguka, ifuate kwa mkono kutoka kwenye swichi mpaka chini ya meza inakoishia, maana kosa liko humo katikati.